Kutoka Maternite ya Kampuni hadi Orodha ya Mambo 29

Hadi 1966 Likasi, mji wa shaba nchini Kongo, uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa Union Minière, kampuni ya migodi. Katika kampi za Union Minière, hata uzazi ulikuwa shughuli ya kampuni. Mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya kuchoka kuajiri vijana wa mikataba mifupi, wakubwa wa shaba waliamua wachimbaji wakae miaka mitatu, pamoja na wake zao. Maternite, yaani wodi za uzazi, zikajengwa, watoto wakapimwa uzito. Daktari Léopold Mottoulle, kinara wa sera hiyo, aliwaona watoto hao kama wafanyakazi wa kesho. Hesabu hiyo ilikuwa ya kikatili, ingawa kwa mama anayetokwa damu kitanda na mkunga vilikuwa uhai.

Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi ya Union Minière, ilirithi hospitali hizo, kisha ikaporomoka katika miaka ya 1990.

Bila kampuni tajiri nyuma yake, kituo maskini kinalindaje mama? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 29, ya kukaguliwa mama anapopokelewa, kabla ya kusukuma, ndani ya saa moja baada ya kujifungua na kabla ya kuruhusiwa. Je, presha imepimwa? Mfuko wa kumsaidia mtoto kupumua upo?

Karatasi peke yake haitoshi. Huko Uttar Pradesh, India, wakunga walioitumia orodha hiyo walifuata taratibu vizuri zaidi, lakini vifo havikupungua. Lakini huko Migori nchini Kenya na Busoga nchini Uganda, orodha iliyorekebishwa iliambatana na mazoezi ya dharura na takwimu bora; watoto njiti wengi zaidi walinusurika.