Mjomba na Sauti Iliyochelewa

Mwaka jana mjomba wangu alikuja Donholm kurekodi nyimbo sita. Ana miaka 73. Aliimba kwenye bendi miaka ya 1970, akarekodi santuri kadhaa River Road, halafu maisha yakamvuta kwingine. Hizi nyimbo sita hazijawahi kurekodiwa popote. Ziko kichwani mwake tu, na daktari alishamwambia kifua hakitakuwa bora kuliko kilivyo sasa. Hatukuwa na muda wa kuchezea.

Studio yangu ni chumba cha kulala cha pili, orofa ya nne, mwendo mfupi kutoka stage ya Caltex. Magodoro ukutani, blanketi nzito mlangoni, kompyuta kuukuu, maiki moja nzuri. Mchana honi za Outering hazitupi nafasi, kwa hivyo tunarekodi usiku kuanzia saa nne. Usiku wa kwanza nilimvalisha mzee hedifoni, nikamchezea gitaa nililokuwa nimelirekodi mapema, nikabonyeza kitufe chekundu. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili akaanza kusitasita. Wa tatu alivua hedifoni akaziweka mezani polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kisichoiva.

"Kuna mtu humu ndani ananifuata nyuma," akasema. "Ananiiga."

Nilijua ni nini, na niliona haya. Sauti ikitoka kwenye maiki huingia kwenye kompyuta, na kompyuta haipokei sauti kama mtaro unavyopokea maji. Huikinga kwenye ndoo, ikasubiri ndoo ijae, ndipo ikaimwaga. Kompyuta yangu ni mzee kama mwenyewe, kwa hivyo niliiwekea ndoo kubwa isije ikakwama: sampuli 1024. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kila sekunde, ndoo hiyo hujaa kwa milisekunde 23 hivi. Kuna ya kuingia na ya kutoka, basi jumla ni kama 46. Inaonekana ndogo, lakini hewani sauti hutembea takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo, mjomba alikuwa anajisikia kama mtu aliyesimama karibu mita 16 kutoka kwake mwenyewe.

Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee aliandika kuhusu jambo hili. Alirudisha sauti ya mtu masikioni mwake ikiwa imechelewa, na watu wazima wasio na shida yoyote wakaanza kugugumia. Uchelewaji unaovuruga zaidi ni kama milisekunde 200, lakini mwimbaji anayejali mahali sauti yake inapoangukia huhisi hata robo ya hiyo. Vijana wanaorekodi kwangu hawalalamiki. Wengi huvaa sikio moja na kuacha lingine wazi, na wamekua na tatizo hili kiasi kwamba wanaliona ni hali ya hewa.

Mjomba alikua vingine. Nilipomuuliza River Road walivaa hedifoni gani, alicheka. "Za nini? Mlikuwa mnasimama pamoja." Studio aliyorekodia yeye, bendi nzima ilikuwa chumba kimoja na wimbo unapigwa mwanzo mpaka mwisho. Mwenye sauti kubwa alirudi hatua moja, mwenye sauti ndogo akasogea mbele. Mtu akikosea, mnaanza tena wote. Miguu yao ndiyo iliyokuwa miksa.

Hivyo ndivyo muziki mwingi wa zamani tunaoupenda ulivyopatikana, Nairobi na kwingineko. Miaka ya 1960 Equator Sound ya Charles Worrod ilikuwa na akina Fadhili William na Daudi Kabaka, na mwaka 1968 Helule Helule ya Kabaka ilichukuliwa na bendi ya Tremeloes, ikaingia chati za Uingereza. Sauti ya wakati ule ina kitu ambacho sisi wa magodoro tunakitafuta kwa programu za bei ghali: watu wanasikiana.

Hedifoni zikawa lazima pale watu walipotenganishwa. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilimuuzia Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, mashine ya kurekodi njia nane, ili mtu mmoja aweze kujirekodi juu ya rekodi yake mwenyewe. Na hapo hapo wakakutana na yule yule mtu wa mjomba anayefuata nyuma. Kwenye mashine ya mkanda, kichwa cha kurekodi na kichwa cha kusikilizia vimeachana kwa sentimita kadhaa. Mkanda ukikimbia sentimita 38 kwa sekunde, hiyo nafasi ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Ukisikiliza kwa kichwa cha kusikilizia huku ukirekodi kwa kile kingine, unachorekodi hakilingani na kilichotangulia. Dawa ya Ampex ilikuwa rahisi mpaka inaudhi: kichwa cha kurekodi chenyewe kifanywe kisikilize pia. Wakaiita Sel-Sync.

Kwa hivyo tatizo la chumba changu lilishatatuliwa kabla Kenya haijapata uhuru. Kompyuta ililirudisha tu.

Na kompyuta ndiyo iliyoleta studio Eastlands. Mjomba bado anaiita Jogoo Road kwa jina lake la ukoloni, Doonholm Road, lile lile jina la shamba ambalo mtaa wetu umelirithi. Wakati wake, ukitoka Jericho, Maringo au Kaloleni na wimbo, ulifuata barabara hiyo hadi mjini, ukaingia River Road, ukaomba. Kizazi kilichofuata kilianza kuukata huo mwendo. Kalamashaka walitoka Dandora. Clemo alianzisha Calif Records, ikabeba jina la mtaa wa California, na genge ya akina Nonini na Jua Cali ikaanzia hapo. Mwaka 2018 Ethic wakatoka Umoja na Lamba Lolo. Leo kila orofa ya tatu kuna kijana na maiki. Tulipata milango yetu wenyewe, lakini tukapoteza kile chumba cha kusimama pamoja. Kilichobaki cha kutuunganisha ni hedifoni, na hedifoni zinahitaji mtu wa kuamua nani asikie nini na lini.

Kazi hiyo ndiyo ya miksa ndogo. Sauti ya maiki inafika kwenye miksa kwanza, inagawanyika: tawi moja linaenda kompyuta kurekodiwa, lingine linaenda moja kwa moja masikioni, bila ndoo yoyote. Gitaa linarudi kutoka kompyuta, linaungana na sauti hapo kwenye hedifoni.

Nilienda Luthuli Avenue. Kijana wa duka la kwanza alinionyesha miksa inayowaka taa za rangi tatu. "Brathe, hii iko na Bluetooth, USB, echo, kila kitu." Nikamuuliza: gitaa likirudi kutoka kompyuta, naweza kulipeleka hedifoni bila lirekodiwe tena pamoja na sauti? Akaiangalia miksa, akaniangalia mimi, akamwita bosi. Bosi akasema inawezekana. Tukaijaribu na simu yangu. Haikuwezekana: kila kilichorudi kilimwagika kwenye mchanganyiko mkuu, na mchanganyiko mkuu ndio uliokuwa unatoka kwa USB. Ningerekodi gitaa juu ya gitaa kila mara.

Duka la pili nilikuwa na swali la pili. Ile AUX, inachukua sauti kabla ya kitelezi au baada? Ikiwa ni baada, kila nikigusa kitelezi changu, anachosikia mwimbaji kinabadilika. Miksa nyingi ndogo zina AUX moja tu, ya baada, kwa ajili ya mwangwi. Kwa mhubiri inatosha. Kwa mjomba haitoshi.

Mwishowe nilinunua Mackie 1202 iliyotumika, kutoka kanisa moja lililohamia miksa kubwa. Maiki nne tu, haina USB, haina taa za disko. Lakini kitufe chake cha kunyamazisha hakinyamazishi. Kinaihamisha chaneli kutoka mchanganyiko mkuu hadi mlango mwingine, ulioandikwa ALT 3-4. Nikaiweka maiki ya mjomba huko, mlango huo ukaenda kurekodi. Gitaa lililorudi likabaki kwenye mchanganyiko mkuu. Kisha kuna vitufe vya kuchagua hedifoni zisikie nini: unabonyeza vyote viwili. Mzee anasikia sauti na gitaa, kompyuta inapokea sauti peke yake. Kuna gharama: mwangwi wa programu hausikiki wakati wa kuimba, na vijana wangu wawili wameshanung'unika.

Usiku huo mjomba alivaa hedifoni kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine. Aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yule mtu wa nyuma hakuwepo. Lakini katikati ya wimbo wa pili alianza kukohoa, na nikaona mishipa ya shingo. Alikuwa anapiga kelele.

Daktari Mfaransa Étienne Lombard alichapisha jambo hili mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujua. Hapa kelele nilikuwa nimeiweka mimi. Gitaa lilikuwa juu, mzee alikuwa anashindana nalo kwa kifua chake kibovu. Nilizungusha kitufe cha gitaa kushoto, kidogo, kidogo tena. Sikumwambia. Mabega yakashuka. Sauti ikatoka chini, karibu, yenye mchanga kidogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye santuri zake.

"Hapo," akasema wimbo ulipoisha. "Hapo mmesimama vizuri."

Tulimaliza nyimbo nne kwa usiku mbili. Kwenye wa nne alivua sikio moja, gitaa likavuja na kuingia kwenye maiki, na mwishoni kuna kikohozi na honi ya mbali. Nimesafisha mengi kwa programu. Hayo sijayagusa. Amerudi nyumbani kupumzika, na ananipigia kila Jumapili kuniuliza kama ile mashine bado iko. Namwambia iko, vitufe viko pale pale alipoviacha. Nyimbo mbili zimebaki.