Mcheza kwao hakutunzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Maana yake, msikilizaji, waijua. Anayecheza mbele ya watu wake, ndugu humwinukia wakampachika noti kichwani au wakamfunga kanga kiunoni, kwa kuwa ni wao na sifa yake ni sifa yao. Methali ni nzuri, lakini iko ngoma moja mashuhuri duniani ambayo historia yake imekwenda kinyume nayo. Wachezaji wake walifukuzwa kwao, wakashangiliwa ugenini, na leo watu hulipa fedha nyingi kufundishwa kile ambacho zamani mtoto wa kike alikiokota harusini bila ya kutoa hata senti moja.

Nazungumzia ngoma ya kiuno ya Misri, ile ambayo dunia imezoea kuiita densi ya tumbo.

Katika miji mikubwa ya dunia, mwanamke aliyetoka kazini jioni anaweza leo kujiandikisha katika studio, akalipa ada ya mwezi na kuanza masomo. Atasimama mbele ya kioo. Atapewa kitambaa chenye visarafu akifunge nyongani, ili kila kiuno kikitikisika kilie. Atafundishwa kutenganisha kifua na nyonga, kuchora namba nane kwa kiuno, na kusikiliza dumbaki inapotoa "dum" na inapotoa "tek". Huenda akapewa na matoazi madogo ya vidoleni. Ni masomo mazuri, na jasho lake ni la kweli. Swali la leo ni hili: darasa hilo limetoka wapi?

Kwa Wamisri wenyewe jina si densi ya tumbo. Huiita raqs sharqi, yaani ngoma ya mashariki, na ile ya nyumbani huiita raqs baladi, ngoma ya kwetu. Haikuwa na darasa. Mtoto aliitazama kwa mama, shangazi na majirani, siku ya harusi au ya kujifungua, hadi kiuno chake kikaelewa. Juu ya hao wa nyumbani walikuwako wa kazi. Kulikuwa na awalim, maana yake wanawake wenye elimu, waliokuwa wajuzi wa kuimba na kualikwa katika nyumba za wakubwa. Kulikuwa pia na ghawazi, waliocheza hadharani, barabarani na kwenye sherehe za watu wa kawaida. Ghawazi walilipa kodi kwa serikali kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Basi mwaka 1834 mtawala wa Misri, Muhammad Ali Pasha, akapiga marufuku wanawake kucheza hadharani mjini Cairo. Mwingereza Edward Lane, aliyekuwa akiishi humo miaka hiyo, aliandika kwamba aliyekamatwa mara ya kwanza alikuwa achapwe viboko 50, na aliyerudia afungwe kazi ngumu. Wachezaji wengi wakapelekwa kusini, katika miji ya Qena, Esna na Aswan. Serikali iliyokuwa ikipokea kodi zao haikuona haya kuwatupa. Na wageni je? Wageni wakawafuata huko huko. Mwaka 1850 mwandishi wa Kifaransa Gustave Flaubert alipanda Mto Nile hadi Esna, akamkuta huko mchezaji aliyeitwa Kuchuk Hanem, naye akaandika habari zake zikasomwa Ulaya kwa miaka mingi. Kuchuk Hanem mwenyewe hakuacha hata mstari mmoja. Tunamjua kwa kalamu ya mgeni tu.

Kutoka hapo ngoma ikasafirishwa. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1889 ulijengwa mtaa wa mfano wa Cairo, na Wafaransa wakamiminika kuwatazama wachezaji. Mwaka 1893 ikawa zamu ya Chicago, Marekani. Huko nako ulijengwa mtaa wa Cairo, na watazamaji waliolipa kiingilio walikutana na wanawake wanaocheza kwa kiuno na si kwa miguu kama walivyozoea. Mlinzi mmoja maarufu wa maadili, Anthony Comstock, alitaka onyesho lifungwe. Halikufungwa. Kelele zake zikawa tangazo la bure. Hapo ndipo lile jina la Kifaransa, ngoma ya tumbo, lilipowakaa Wamarekani mdomoni. Tazama jina linavyofanya kazi, msikilizaji: ngoma iliyoitwa "ya kwetu" ikabatizwa kwa kiungo kimoja cha mwili, tena na watu waliolipa kukitazama.

Misri nayo ikajifunza biashara hiyo. Mwaka 1926 Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Sham, alifungua ukumbi wake wa burudani Cairo. Alikuwa mchezaji, mwimbaji na mfanyabiashara hodari. Ngoma ya nyumbani huchezwa mahali padogo, mchezaji karibu amesimama pale pale. Badia aliipa jukwaa zima, akaongeza mikono na mwendo, akaiwekea kundi kubwa la wapiga ala. Kwake walipita Tahia Carioca na Samia Gamal, na kutoka kwake wakaingia katika filamu. Filamu za Misri zikaenea nchi zote za Kiarabu na nje yake, na kiuno cha Samia Gamal kikajulikana mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Je, heshima ilikuja pamoja na umaarufu? La hasha. Mchezaji alialikwa kwenye harusi za matajiri, na matajiri hao hao wasingekubali mtoto wao amwoe. Wakati wa utawala wa Gamal Abdel Nasser wachezaji walitakiwa kufunika tumbo kwa kitambaa. Mwaka 1959 Mahmoud Reda, mwanamichezo aliyekuwa amekwenda kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, alianzisha kundi la ngoma za jadi. Nyota wake alikuwa Farida Fahmy, binti wa profesa wa uhandisi. Wamisri walilipenda mno kundi hilo, na serikali ikalichukua likawa la taifa. Lakini lilipata heshima hiyo kwa kujitenga na jina la raqs sharqi. Binti wa profesa aliweza kucheza na kusifiwa, mradi asifananishwe na yule wa ukumbi wa usiku.

Sasa tuvuke bahari, kwa kuwa darasa tunaloliulizia lilizaliwa kwa sehemu kubwa Marekani. Huko California, Jamila Salimpour alianza kufundisha katikati ya karne ya 20. Alikuwa amezitazama sana filamu za Misri. Tatizo lake lilikuwa moja: mitikisiko ile haikuwa na majina ya kufundishia. Nyumbani Misri nani angehitaji jina, wakati shangazi yuko mbele yako? Salimpour akaipa majina, akaigawa hatua kwa hatua, akapanga na mapigo ya matoazi, na mwaka 1968 akaunda kundi lake, Bal Anat. Ikawa elimu inayoweza kubebwa mfukoni. Mwaka 1969 ilitoka hata sahani ya santuri ya mchezaji wa Kituruki, Özel Türkbaş, ambayo jina lake lilimwahidi mwanamke kwamba angemgeuza mumewe kuwa sultani. Miaka ya 1970 wanawake wengi wa Marekani walijiunga na madarasa haya, na wengi wao hawakuwa na sultani akilini. Walitafuta mahali ambapo mwili wa mwanamke, mnene au mwembamba, kijana au mzee, haukuonewa haya.

Kisha mzunguko ukafunga. Mwaka 2000 Raqia Hassan, aliyewahi kuwa katika kundi la Reda, alianzisha Cairo tamasha la kufundishia, na wanafunzi wakaja kutoka mabara mbalimbali. Kumbi za Cairo zikajaa wachezaji kutoka Urusi, Amerika ya Kusini na kwingineko. Mwaka 2003 serikali ya Misri ilitangaza kuwazuia wachezaji wa kigeni ili kulinda kazi za wenyeji, na mwaka 2004 ikaiondoa marufuku hiyo. Wenyeji gani walikuwa wakilindwa? Ni wale wale ambao familia zao ziliona aibu kutaja kazi yao. Huwezi kumfungia binti yako mlango kwa karne mbili, halafu ulalamike kwamba mgeni amekaa kwenye kiti chake.

Hapa, msikilizaji, pwani yetu nayo inaingia, maana sisi na Cairo tunajuana. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na taarab ikapata nyumba yenye heshima. Cairo ilitupa ala na mtindo. Kiuno hatukukiagiza. Wanawake wa pwani walikuwa na chakacha yao, na walikuwa na unyago, ambako kungwi alimfundisha mwari kwa ngoma namna ya kuishi na mwili wake. Lugha yetu yenyewe inashuhudia. Tunaposema mtu amejifunga kibwebwe, tunamsifu kwamba amejiandaa kwa kazi nzito, na kibwebwe ni ile nguo ambayo mwanamke huifunga kiunoni anapofanya kazi au anapoingia ngomani.

Lakini tabia yetu haiko mbali na ile ya Cairo. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alikuwa mwimbaji na pia kungwi wa unyago. Alipofariki mwezi Aprili 2013 sifa zilitoka kila upande. Makungwi wenzake ambao hawakuwahi kupanda ndege kwenda kuimba Ulaya, nani aliwaandika? Tunawaita washamba, na mauno tunayaita uhuni, mpaka tutakapoyaona kwenye kanda ya video yakifundishwa kwa lugha ya kigeni.

Sisemi siri za unyago zipelekwe studio. Yako mambo yaliyowekwa faragha kwa hekima, na ufunguo wake wanao wenyewe. Wala simkatazi mwanamke wa mjini kwenda kujifunza ngoma ya Misri. Aende, ajifunge kitambaa chake, na amlipe mwalimu wake ada yote, kwa kuwa kufundisha ni kazi. Ila aulize majina. Amjue Badia Masabni na Tahia Carioca. Ajue kwamba ghawazi walichapwa viboko kwa kile anachokilipia yeye. Na akirudi nyumbani, kama yuko bibi aliyewahi kusifiwa katika chakacha ya ujana wake, amwombe amwonyeshe, naye amtunze.

Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Haikusema angoje kwanza asifiwe ugenini, wala haikusema atunzwe akiisha kufa.