Kamera Iliyopata Nyumba: Wapiga Picha wa Pwani na Warithi Wao

Ufundi wa kunasa sura kwa nuru, uliotangazwa Paris mwaka 1839 kwa jina la Louis Daguerre, haukuchukua hata miaka kumi kuifikia pwani yetu, kwani baina ya 1846 na 1848 Charles Guillain, ofisa wa manowari za Ufaransa, alizuru bandari zetu kutoka Banadiri hadi Unguja akiwa na kamera miongoni mwa vyombo vyake, na sura za watu na miji zilizonaswa katika safari hiyo zikachorwa upya na kuchapwa katika albamu iliyofuatana na kitabu chake. Mwaka 1860 James Augustus Grant, akingojea Unguja kuondoka na mvumbuzi Speke kwenda bara kutafuta chimbuko la mto Nile, naye alipiga picha mjini humo. Na baada yake akaja John Kirk, tabibu, mjuzi wa mimea na hatimaye balozi wa Uingereza, aliyekuwa hodari wa kamera. Hawa wote walikuwa wageni, picha zao ziliondoka pamoja nao, na wale waliopigwa picha hizo aghalabu hawakupata kuziona.

Mambo yalibadilika pale kamera ilipopata nyumba. Katika miongo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa Wagoa, watu wa koloni la Wareno kule Bara Hindi, walifungua studio katika Mji Mkongwe, na majina ya A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho na Pereira de Lord yakawa maarufu kwa kila aliyetaka sura yake ibaki duniani baada yake. Kazi yao haikuwa nyepesi. Kabla ya mabamba makavu kuenea katika miaka ya 1880, mpiga picha alilazimika kulipaka bamba la kioo utomvu wa kolodioni, kulitumbukiza gizani katika maji yenye chumvi ya fedha, kulitia ndani ya kamera lingali bichi, kupiga na kulisafisha kabla halijakauka. Na katika joto la Unguja wakati wa kaskazi, wasaa huo ulikuwa mfupi kiasi kwamba aliyekaa kitini alipotikisika, au inzi alipotua juu ya utomvu, kazi yote ilianza upya.

Studio hizo zilifanya biashara mbili chini ya paa moja, na ni haki zitenganishwe. Biashara ya kwanza ilikuwa ya kadi za posta, zilizouzwa kwa abiria wa meli, na ndani yake mwanamke aliyesukwa nywele au mchukuzi wa gatini aliandikwa kabila lake na asiandikwe jina lake, kana kwamba alikuwa ndege au ganda la pwani. Biashara ya pili ilikuwa ya watu waliokuja kwa miguu yao na fedha yao, wakachagua kanzu, wakachagua kiti, wakaamua nani asimame na nani akae. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipozuru Uingereza mwaka 1875 alikubali kupigwa picha London akiwa katika joho na kilemba, na wakubwa waliomfuata walifahamu kwamba picha ya mtawala ni hidaya iwezayo kufika mahali ambapo mwenyewe hafiki. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara mashuhuri kwa lakabu ya Tippu Tip, tunamjua leo kwa sura kwa sababu naye alikaa mbele ya kamera kwa ikhtiari yake. Mtu wa kadi ya posta alitazamwa; mtu wa studio alijionyesha.

Wapo wasemao kwamba picha ya sanaa, ile itundikwayo ukutani ipate kutafakariwa, ni mgeni aliyeingia Afrika ya Mashariki juzi, akiletwa na maonyesho ya Ulaya na fedha za wafadhili. Kauli hiyo haistahimili mizani ya tarehe. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, akapiga picha za kasri na za mitaa kwa jicho lile lile, na baada yake mwanawe Rohit akaishika kazi. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh alipokea mabibi arusi wa Kihindi, vijana wa Kiswahili waliotaka kusimama kama nyota wa sinema za Bombay, marafiki wawili waliovaa sare, na mabwana waliotoka bara. Ndani ya studio ya namna hiyo taa ziliwekwa pembeni ili kivuli kimoja tu kianguke usoni. Na picha ilipokwisha kusafishwa, fundi aliketi dirishani na kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano, akaziba alama za ndui na mikunjo juu ya negativi yenyewe, nukta kwa nukta. Aitazamaye kazi hiyo na kusema si sanaa, sijui neno sanaa amelihifadhia nini.

Wa ajabu kuliko wote, kwa rai yangu, ni Omar Said Bakor wa Lamu. Alijifundisha mwenyewe, na katika chumba chake cha giza alikata na kuunga, sura ya mteja ikachomoza katika ua au katika umbo jingine ambalo macho hayakulitarajia. Katika mji uliothamini sitara, ambamo kuchora viumbe vyenye roho kulikuwa na mjadala wake miongoni mwa masheikh, na ambamo picha ya mwanamke ilikuwa amana ya jamaa zake, fundi huyu hakuinakili dunia, aliipamba, kama wahenga wake walivyochonga milango.

Wale walioifuata kazi ya habari walikwenda njia nyingine, ngumu na ya hatari. Priya Ramrakha wa Nairobi, aliyepigia picha jarida la Life, aliuawa kwa risasi katika vita vya Biafra mwaka 1968. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, aliuonyesha ulimwengu njaa ya Uhabeshi mwaka 1984, akapoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991, akafa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuangukia baharini karibu na Ngazija.

Walio hai leo wanarithi njia zote mbili. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alizitoa picha za wafanyakazi wa migodi zilizopigwa zama za Wabelgiji, akawasimamisha watu hao tena mbele ya mabaki ya viwanda vya shaba vya kampuni ya Gécamines kama yalivyo sasa, hata mtazamaji asijue kama anatazama jana au leo. Naye ni miongoni mwa walioanzisha jumuiya ya Picha, ambayo tangu 2008 huandaa maonyesho makubwa katika mji huo. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda afanyaye kazi Nairobi, alituzwa Arles, Ufaransa, mwaka 2016 kwa picha alizozipiga Kibera kuhusu upweke wa mtu mwenye ualbino. Kazi ya Baloji yaonyesha kwamba picha ya zamani ni mali ghafi ya sanaa ya sasa, na hapo ndipo penye ufukara wetu. Mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, umehifadhiwa vizuri katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilhali negativi za Ramrakha zilikuja kuonekana miongo minne baada ya kifo chake, katika gereji moja ya Nairobi.

Basi, msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kasha la picha, lifungueni wazee wangali hai. Andikeni nyuma ya kila moja, kwa kalamu ya risasi na si ya wino, jina la aliyepigwa, mji, mwaka na studio. Na mabamba ya kioo au negativi msizitupe kwa kudhani ni takataka, pelekeni Nyaraka za Taifa zilizo karibu nanyi.