Walimu Wageni wa Mazimbu

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine anayepangiwa Mazimbu hulalamikia umbali. Kampasi kuu iko upande mwingine wa mji wa Morogoro, na asubuhi daladala hujaa. Wachache wanajua kwamba mabweni na madarasa wanayotumia huko yalijengwa na baba zetu kwa ajili ya vijana wa Afrika Kusini walioikimbia nchi yao wakiwa bado wanafunzi.

Mimi ni binti wa mmoja wa mafundi hao. Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na kila nilipofika kwenye ukombozi wa Kusini mwa Afrika, vitabu vilinipa wapiganaji, mikutano na mapigano. Habari za walimu zilikuwa haba mno. Ndio ninaotaka kuwaeleza: watu waliotoka Ulaya kwa kujitolea, wakaja kufundisha watoto wa wakimbizi katika shamba la mkonge lililokwisha kutupwa.

Chanzo cha hadithi yao ni darasani, huko Afrika Kusini. Mwaka 1953 serikali ya Makaburu ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu, ambayo nia yake ilikuwa mtoto mweusi asome kiasi cha kumtumikia mzungu, basi. Katika miaka ya sabini likaongezwa jingine: baadhi ya masomo, hisabati ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikana. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliingia barabarani kupinga amri hiyo na polisi wakawafyatulia risasi. Baada ya hapo maelfu ya vijana walivuka mipaka kwenda Botswana, Swaziland na Msumbiji. Wengi walitaka bunduki. Viongozi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waliona kwamba kuna waliofaa kurudi darasani kwanza, lakini darasa lenyewe halikuwepo.

Tanzania ilikuwa mwenyeji wa ANC tangu miaka ya sitini, na chama hicho kiliwahi kufanya mkutano wake mkubwa papa hapa Morogoro mwaka 1969. Mwaka 1977 serikali yetu ikakipa ardhi ya Mazimbu, karibu na mto Ngerengere, ili kijenge shule. Wazee wa Morogoro hawasahau kutaja mchango wa Mama Anna Abdallah, aliyekuwa kiongozi wa serikali mkoani wakati huo. Palikuwa na nyumba chache za enzi ya mkonge zilizochakaa, na pori. Tarehe 6 Aprili 1979 Makaburu walimnyonga Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC, kijana wa miaka 22, huko Pretoria. Shule ikachukua jina lake.

Ujenzi uliongozwa na Oswald Dennis, mhandisi wa ANC. Baba alifanya kazi chini yake kama mwashi. Alikuwa mtu mgumu kumsifu mwenzake, lakini pale alisifu jambo moja: pimamaji haikukaa mfukoni. Ukuta ukipinda, ulibomolewa, awe ameujenga Mluguru, Mzulu au kijana wa kizungu aliyetoka kwao na kofia ya jua. Kwa baba hilo lilikuwa geni, maana katika shamba la mkonge alikokulia, ukuta wa mzungu haukuwahi kupinda.

Vijana walipoanza kukaa madarasani, ugumu ulionekana. Mwenye miaka ishirini aliyepoteza masomo kwa miaka kadhaa aliketi dawati moja na mtoto wa miaka kumi na minne, na wote wawili walikwama kwenye sehemu na desimali, kwa sababu hiyo ndiyo elimu waliyokuwa wamepewa. ANC ilikuwa na walimu, ila wa hisabati na sayansi walikuwa wachache. Hapo ndipo wageni walipoitwa. Walitoka Sweden, Uholanzi, Denmark, Finland, Uingereza na Ujerumani Mashariki. Baadhi waliletwa na vikundi vya mshikamano vilivyopinga ubaguzi wa rangi katika nchi zao, wengine na serikali zao. Wakati huo Ulaya ilikuwa imegawanyika pande mbili zilizoelekezeana makombora; Mazimbu mwalimu wa upande huu na wa upande ule walisahihisha madaftari katika chumba kimoja.

Wengi wao walifundisha kwa Kiingereza, ambacho hakikuwa lugha yao, na wanafunzi wao nao walizaliwa katika Kizulu, Kixhosa au Kisotho. Mwalimu aliandika ubaoni polepole, mwanafunzi akauliza polepole. Nadhani polepole hiyo iliwafaa wote.

Maisha hayakuwa ya anasa. Vita vya Kagera vilikuwa vimetukausha, na mwanzoni mwa miaka ya themanini sukari na sabuni vilikuwa vitu vya foleni. Nyumbani tulikula unga wa njano wa msaada, ule tuliouita unga wa Yanga. Mazimbu walikuwa na shamba lao, mifugo yao, kiwanda cha samani na baadaye hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi. Walikuwa pia na makontena ya nguo kutoka Ulaya, na nguo hizo zilikuwa na tabia ya kutoka uani jioni na kuonekana sokoni asubuhi. Sweta la kwanza nililovaa maishani, la sufu nzito, lilipita njia hiyo. Morogoro huvai sweta la sufu ila Julai, nami nililivaa mwaka mzima.

Msaada ulikuja na watu, na watu huja na maoni. Wageni walibishana wao kwa wao, na walibishana na wenyeji wao, juu ya nidhamu, juu ya siasa iingie kiasi gani darasani, juu ya wanafunzi kushika jembe. Kilichonivutia, nilipoanza kuwauliza waliofanya kazi pale, ni mwisho wa mabishano hayo. Mwenye neno la mwisho alikuwa ANC. Ndiyo iliyoamua nani aje, afundishe nini, na historia ya mapambano isomwe namna gani. Mwalimu mgeni alishauri. Uamuzi haukuwa wake. Wapo walioona hilo kama kubanwa, na ANC nayo iliweza kukosea, na ilikosea. Lakini watoto walikuwa wa kwao, na shule ilikuwa ya kwao.

Mazimbu haikuwa shule ya kwanza ya wakimbizi kukutana na suala hilo hapa nchini. Huko Kurasini, Dar es Salaam, Taasisi ya Msumbiji ilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya vijana wa Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ikiongozwa na Janet Mondlane, Mmarekani aliyeolewa na kiongozi wa chama hicho, Eduardo Mondlane. Mwaka 1968 ililipuka vurugu kati ya wanafunzi na uongozi, na moja ya malalamiko lilihusu walimu wazungu. Shule ikafungwa, na sekondari ya Frelimo ikaja kufunguliwa tena Bagamoyo mwaka 1970. Somo la Kurasini lilikuwa zito: mwalimu anaweza kuwa na nia safi kama maji ya Uluguru, lakini mwanafunzi atauliza tu, huyu yuko hapa kwa idhini ya nani?

Kuna upande wa hadithi hii usiopigwa picha. Mwaka huohuo wa 1977 tulipowagawia Mazimbu, Tanzania ilikuwa inasukuma elimu ya msingi kwa wote, UPE. Darasani kwetu tulikaa chini, na mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba akafunzwa ualimu kazini. Wazungu wenye digrii za fizikia walikuwa ng'ambo ya uzio, wakifundisha watoto wa watu wengine. Sikumbuki mzazi aliyenung'unika hadharani. Labda walinung'unika ndani. Ila ninapohesabu waliojitolea Mazimbu, siwezi kuanzia na waliokuja kwa ndege. Naanzia na nchi yenye watoto wanaokaa sakafuni iliyotoa ardhi, ikatoa mafundi na usalama, na mwaka 1982 ikaongeza ardhi nyingine kule Dakawa kwa ajili ya waliozidi kufika.

Februari 1990 ANC iliondolewa marufuku, Mandela akatoka gerezani, na safari za kurudi zikaanza. Julai 1992 Mazimbu ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania: madarasa, mabweni, hospitali, mashamba, pamoja na makaburi ya waliofia ugenini. Si kila kitu kilikabidhiwa kwa karatasi. Wapo wanawake wa Morogoro waliobaki na watoto ambao baba zao walipanda ndege wakaahidi barua. Watoto hao leo ni watu wazima, na baadhi bado wanatafuta ndugu huko Kusini.

Kwa maoni yangu, shule ile ilifaulu katika jambo ambalo misaada mingi hushindwa: ilifungwa kwa sababu haja yake ilikwisha. Wenye watoto walirudi kwao, wageni wakarudi kwao, na majengo yakapata kazi nyingine.

Mavolontia bado wanakuja Morogoro, Moshi na Arusha. Wengi ni vijana wakarimu waliolipa nauli yao na ada ya kampuni inayowaleta. Wanakaa wiki chache kwenye kituo cha watoto, wanafundisha rangi na nyimbo kwa Kiingereza, wanaondoka, kisha anakuja mwingine na rangi zilezile. Niliwahi kualikwa kwenye kituo kimoja nikakuta mtoto wa miaka tisa anayejua kuimba alfabeti ya Kiingereza huku akitazama kamera, lakini akipewa kitabu cha darasa la kwanza cha Kiswahili anakigeuza juu chini. Watoto wenye wazazi walikuwemo pia, kwa sababu kituo kinahitaji watoto ili kipate wageni.

Sasa niko kwenye kamati ya shule ya msingi ya mtaani kwetu, na barua za wanaotaka kujitolea hupita mikononi mwetu. Hatuwakatai kwa ujumla, wala hatuwapokei kwa sababu tu wametoka mbali. Tunawauliza: una cheti cha ualimu? Utakaa muhula mzima? Uko tayari mwalimu mkuu akikuambia hapana? Ukiondoka, nani ashike darasa? Majibu yakiridhisha, mwalimu mkuu anampangia vipindi. Asiyejibu anashukuriwa, anapewa chai, na watoto wanaendelea na mwalimu wao.