Rukuba, kijiji kilichozungukwa na maji

Rukuba ni kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria, nacho ni kijiji cha Kata ya Etaro, Wilaya ya Musoma. Majirani zake wa nchi kavu ni Wakwaya, Waruri na Wajita, watu waliozoea kulima na kuvua kwa pamoja tangu zamani.

Mapema miaka ya 1960 mvua kubwa zilipandisha ziwa kwa takribani mita mbili, na fukwe nyingi zikamezwa. Badiliko kubwa zaidi lilitoka chini ya maji: sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alienea katika miaka ya 1980, akawamaliza furu wengi. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Musoma na Mwanza, visiwa vilivyokuwa vya wakulima wachache viligeuka makambi ya wavuvi, wachuuzi na mafundi mitumbwi kutoka kila upande.

Ndiyo maana idadi ya watu wa kisiwa cha namna hii haitulii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitawala, wavuvi wengi hurudi makwao, na wanawake wanaoanika dagaa hupungukiwa kazi. Sensa ya usiku mmoja hunasa sehemu tu ya maisha hayo.

Wenyeji wa kudumu ndio waliobeba mzigo mzito: kuvuka maji kwa mtumbwi kutafuta sekondari na matibabu makubwa. Kwa haki kabisa, wamedai huduma hizo zijengwe kisiwani, na zahanati yao imepanuliwa kuwa kituo cha afya.