Udijei kwa pesa kidogo: historia inatufunza nini?

Kijana anayetaka kuanza udijei huuliza swali moja kabla ya mengine yote: pesa zangu ni hizi kidogo, ninunue nini? Akiingia duka lolote pale Luthuli Avenue ataonyeshwa mashine yenye taa nyingi na jina kubwa. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, sipigi muziki kwenye sherehe za watu. Hata hivyo nimeifuatilia historia ya vifaa hivi, na naona jibu limo humo. Karibu kila kitu dijei alichohitaji kimeshuka bei hadi kuwa karibu bure. Kimoja tu bado kinadai shilingi zako.

Basi turudi nyuma kidogo.

Enzi za chuma

Tarehe 11 Agosti 1973, Clive Campbell, kijana mzaliwa wa Jamaika anayejulikana zaidi kama Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake katika jengo nambari 1520, Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx huko New York. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop.

Joseph Saddler, ambaye dunia inamwita Grandmaster Flash, alikuwa miongoni mwa vijana waliomfuata Herc. Aliupenda muziki wake, lakini sikio lake halikuridhika: Herc alipotoka wimbo mmoja kwenda mwingine, mapigo hayakulingana. Flash alikuwa akisomea umeme shuleni, kwa hivyo alilitazama jambo hili kama fundi. Aliona kwamba dijei anahitaji kuusikia wimbo unaofuata yeye peke yake, kabla watu hawajausikia.

Mikisa za namna hiyo zilikuwepo tayari kwenye madisko ya Manhattan, lakini kijana wa Bronx angezitoa wapi? Flash aliunga swichi yake mwenyewe katikati ya mashine mbili za santuri. Akiisukuma upande huu, anasikia santuri ya kushoto kwenye hedifoni. Upande ule, ya kulia. Umati haukujua kitu, uliendelea kucheza.

Kumbuka swichi hiyo. Tutairudia.

Kitu cha pili kilichokuwa ghali ni mashine ya santuri yenyewe. Technics SL-1200 ilitoka mwaka 1972. Sahani yake haikuzungushwa na mkanda wa mpira, ilizungushwa na mota moja kwa moja. Mwaka 1979 likaja toleo la MK2, lenye kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Ili uchanganye nyimbo ulihitaji mashine mbili za aina hiyo, mikisa, na masanduku ya santuri. Hapo mtoto wa mtu wa kawaida alibaki mtazamaji.

Chuma kinageuka programu

Mwaka 1994 Pioneer ilitoa CDJ-500, na mwaka 2001 CDJ-1000, ambayo ilimruhusu dijei kuishika CD kama anavyoishika santuri. Bei yake? Zaidi ya dola 1,000 kwa moja, na unahitaji mbili. Nafuu haikutoka huko.

Nafuu ilitoka kwenye tarakilishi. Mwaka huo huo wa 2001, Tue Haste Andersen wa Denmark alianzisha Mixxx kama sehemu ya utafiti wake wa shahada ya uzamifu. Mixxx ni programu huria: huilipii, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. VirtualDJ ilifuata mwaka 2003, na Serato Scratch Live mwaka 2004.

Tazama kilichotokea. Mota ya chuma iligeuka hesabu. Kitelezi cha mwendo kiligeuka picha kwenye skrini. Masanduku ya santuri yaligeuka faili. Hata kulinganisha mapigo, kazi iliyowatesa madijei kwa miezi, programu inakufanyia kwa kubofya kitufe kimoja. Na mambo haya yote nakala yake haigharimu kitu.

Isipokuwa swichi ya Flash. Programu inaweza kuandaa sauti mbili tofauti, moja ya umati na nyingine ya hedifoni, lakini laptopu ya kawaida ina tundu moja tu la sauti, lenye mkondo wa kushoto na wa kulia. Hizo sauti mbili zitatokea wapi? Hapa programu inagonga ukuta. Lazima kiwepo kifaa cha kushikika.

Sasa tununue

Ukiwa huna kitu kabisa, weka Mixxx na utafute waya unaogawa kushoto na kulia: upande mmoja uende kwa spika, mwingine kwa hedifoni. Angalia vizuri, maana waya nyingi za kugawa zinazouzwa madukani hupeleka sauti ile ile pande zote mbili, na hizo hazikusaidii. Umati utasikia muziki wa mkondo mmoja, lakini wewe utakuwa unajifunza udijei wa kweli.

Hatua ya pili ni kadi ya sauti ya nje, ile ndogo ya USB. Spika zichukue sauti kutoka kwenye kadi, hedifoni ichomekwe kwenye laptopu.

Ya tatu ni kontrola yenye kadi ya sauti ndani yake. Usidanganywe na jina. DDJ-200 ya Pioneer, ya mwaka 2019, haina kadi ya sauti. Inategemea waya wa kugawa. Hercules DJControl Starlight, ambayo ni ndogo kama kitabu, inayo. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: tundu la hedifoni liko wapi, na linatoa sauti tofauti na ya spika?

Na spika za Bluetooth uziache kwa kazi hii. Sauti yake huchelewa, na utalinganisha mapigo yaliyokwisha kupita.

Zikibaki pesa, nunua hedifoni nzuri inayoziba masikio. Taa zinazowakawaka zinaweza kungoja. Flash hakuwa nazo.