Kipini na Kisima cha Liongo

Hadithi ya Fumo Liongo tumeizoea zaidi vitabuni, tangu Steere alipoichapisha mwaka 1870. Yafaa tuirudishe Kipini, kijiji kilicho mlangoni mwa Mto Tana, ambako wenyeji huonyesha kaburi la shujaa huyo. Mashariki yake, kando ya pwani, yako magofu ya Ungwana, ambayo Kirkman aliyachimbua katika miaka ya 1950, na ya Shaka, mji ambao mapokeo huunasibisha na Liongo mwenyewe.

Masimulizi ya kale yakitaja Ozi, msomaji asitafute mto mwingine. Ozi ndio huu upitao Kipini. Tana ulikuwa na mlango wake mbali, upande wa kusini-magharibi, hata katika karne ya 19 ulipochimbwa mfereji wa Belezoni, maji yake yakamiminikia Ozi. Siku hizi ramani huandika Tana, na jina la Ozi limebakia kwa kijiji kilicho juu kidogo ya Kipini.

Liongo, baada ya kudungwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, alipiga goti karibu na kisima, akafa na upinde mkononi. Watu wakakaa na kiu wakidhani yu hai. Wako wanaokiona kisima hicho kuwa pambo la msimulizi tu. Sidhani. Bahari ikijaa, maji ya chumvi huupanda mto huu, na huko Ozi yamekwisha kuharibu mashamba ya mpunga na miembe. Mji uliozuiwa kisima chake haukuwa na mto wa kukimbilia.